Gunia Lenye Kuvu ni la Nani?

Kila msimu wa mavuno swali moja hurudi katika nyumba zetu, Mbeya hata Iringa: mahindi yaliyoota kuvu tuyafanyeje? Jibu la desturi twalijua sote. Mazuri huenda ghalani; mabaya hutengwa yapikiwe komoni, na machicha hupewa nguruwe. Twajifariji kwamba chachu itayasafisha.

Je, ni kweli? Wataalamu wameona kwamba uchachushaji waweza kupunguza sumukuvu kwa kiasi fulani. Hata uyoga ule unaolimwa juu ya mabua umeonekana katika maabara kuivunja aflatoksini, sumu itokayo kwa kuvu nyingine. Lakini maabara hupima kabla na baada. Pipa la komoni halipimwi na mtu. Chachu hubadili harufu na ladha, hali sumu yaweza kubaki katika pombe na katika machicha. Moto wa jikoni nao hauimalizi.

Wala sumu hii si jambo dogo. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 317 waliugua kwa mahindi yenye aflatoksini, na 125 wakafa. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua zaidi ya 60. Nayo haiui kwa ghafula tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ambao Iringa ilikuwamo, ulionyesha kwamba watoto wachanga waliopata zaidi fumonisini, sumu nyingine ya kuvu ya mahindi, walikuwa wafupi kuliko wenzao.

Basi, kile tusichothubutu kukitia katika uji wa mtoto wetu, twawezaje kukiuza kilabuni au sokoni? Mnywaji naye ni mtoto wa mtu. Ng'ombe alaye pumba zenye aflatoksini huirudisha katika maziwa. Neno "limechachushwa" lisiwe pazia la kufichia jambo tunalolijua.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mwenye ghala lililojaa husema "tupa" bila taabu. Mjane mwenye gunia moja akitupa, atakula nini? Kumwamuru atupe kisha tukaenda zetu ni kumwachia yeye peke yake gharama ya usalama wa wote. Twaona kwamba anayesema "tupa" hana budi kuongeza "na njoo uchukue debe kwangu."

Tena yafaa tusaidiane mapema: tuazimane maturubai ili mahindi yasianikwe juu ya udongo, tuyakaushe vizuri kabla ya kuyaweka, tuchambue punje zilizooza au kubadilika rangi na kuziteketeza. Wataalamu na waendelee kutafuta kuvu ya kusafisha kuvu, nasi tutashukuru siku watakapotuletea njia iliyopimwa. Hadi siku hiyo, gunia bovu la jirani ni letu sote.