Ukijua Thamani Ambayo Mwenye Mali Haijui



Leo nina swali la haki, na limekuja kwa njia ya gari. Mnunuzi anajua kwamba kitu anachouziwa kina thamani kubwa kuliko anavyodhani mwenye nacho. Je, anapaswa kumwambia? Au atoe hela, achukue mali yake, amshukuru Mungu kwa bahati?

Swali hili nililetewa na kaka mmoja tuliyeimba naye kwaya ya vijana, sasa ni fundi wa magari huko Ohio, Marekani. Mama mmoja mzee, mjane, alikuwa anauza gari la marehemu mumewe: Dodge Charger ya 1969, iliyokaa miaka mingi kwenye banda nyuma ya nyumba, imefunikwa turubai. Kwa mama yule lilikuwa chuma kinachomzibia nafasi. Aliomba dola 9,000.

Kwa wasiofuatilia mambo haya, niseme kidogo. Miaka ya 60 hadi mwanzoni mwa miaka ya 70, viwanda vya Marekani vilichukua magari ya kawaida ya ukubwa wa kati na kuyapachika injini kubwa za V8. Wenyewe wanayaita magari ya misuli, na wengi huanza kuhesabu historia yake na Pontiac GTO ya 1964. Baadaye bima zikapanda, sheria za moshi zikakaza, na mwaka 1973 mafuta yakaadimika. Zama zile zikaisha. Yaliyobaki hayaongezeki, na kutu haipumziki.

Sasa, kati ya magari haya, lile ambalo halijawahi kufanyiwa ukarabati lina heshima yake. Gari unaweza kulipaka rangi mara kumi, lakini rangi ya kiwandani hupakwa mara moja tu. Ile Mustang ya 1968 ambayo Steve McQueen aliiendesha kwenye filamu ya Bullitt iliuzwa mnadani Florida, Januari 2020, kwa dola milioni 3.4 kabla ya ada za mnada. Iliuzwa ikiwa imechakaa vilevile, haijapakwa rangi upya. Familia iliyokuwa nayo ilikuwa imeinunua mwaka 1974 kwa dola 6,000.

Kwa nini uchakavu ulipiwe hivyo? Kwa sababu gari ambalo halijaguswa ni shahidi. Kutu yake, bolti zake na vumbi lake vinaeleza lilikotoka. Likishakarabatiwa linapendeza, sawa, lakini sasa unalazimika kumwamini fundi aliyelikarabati. Chini ya rangi inayong'aa kuna chuma au kuna puti? Hujui mpaka upime.

Kaka yetu alimhoji shahidi huyo kwa makini. Alianza na namba ya chasisi, ambayo kwa magari ya Marekani tangu 1968 inasomeka juu ya dashibodi kupitia kioo cha mbele. Kwa Charger ya 1969, namba inayoanza na XP ni Charger ya kawaida. Hii ilianza na XS29L. XS ni ile ya R/T, toleo la nguvu. 29 ni bodi ya milango miwili. L ni injini ya inchi za ujazo 440, yaani lita 7.2, ambayo kiwanda kiliitangaza kuwa na nguvu za farasi 375. Kwa macho ya haraka, gari lile lilikuwa Charger chakavu. Kwa anayejua kusoma, lilikuwa kitu kingine kabisa.

Hakuishia hapo, maana vibati vya namba huhamishwa na wajanja. Akaingia chini na tochi kutafuta sehemu ya namba ileile iliyopigwa kwenye bloku ya injini na kwenye giaboksi. Zikasomana. Akapitisha sumaku kwenye bodi, kwa kuwa sumaku haishiki vizuri palipojazwa puti. Akafungua buti, akagonga sakafu yake. Akakagua pembeni ya kioo cha nyuma, mahali ambapo maji hupenda kutuama. Charger ya miaka ile haina fremu ya kujitegemea; bodi na vyuma vya chini vimechomelewa pamoja, kwa hiyo kutu ya chini ni ugonjwa wa mifupa, si wa ngozi. Akainua springi za kiti cha nyuma, akakuta karatasi ya kiwandani iliyosahaulika humo tangu gari linaundwa, imeorodhesha kila kilichowekwa.

Akatoka chini ya gari kachafuka, anajua karibu kila kitu. Mama amesimama mlangoni anamwuliza: "Vipi, mwanangu, linafaa?"

Hapo ndipo penye swali letu.

Tuwe wakweli, hoja za kunyamaza zipo na si za kipumbavu. Kwanza, bei ameitaja mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Pili, ujuzi wa kusoma namba zile haukuanguka kutoka mbinguni. Kaka ameutafuta kwa miaka na kwa jasho. Tatu, anabeba hatari: injini iliyolala muda wote huo inaweza kuwa imeshika, na kutu nyingine huonekana tu ukishaanza kukata. Na nne, yupo atakayeniletea Mathayo 13:44. Yule mtu aliyegundua hazina shambani aliificha tena, akaenda kuuza vyote, akalinunua shamba. Mbona Yesu hakumgombeza?

Nianze na hiyo ya mwisho. Yesu anatumia mfano ule kuonyesha furaha ya mtu anayeacha vyote kwa ajili ya Ufalme. Hatufundishi namna ya kununua mashamba, kama ambavyo hakuwa anafundisha wizi aliposema atakuja kama mwizi. Kila mfano una kitu unachokilenga, tusiufanye ubebe mzigo usio wake.

Hoja nyingine tatu zinahitaji msaada wa Mtakatifu Thomas wa Akwino. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 77, anazungumzia udanganyifu katika kuuza na kununua. Wengi tunakumbuka upande wa muuzaji: asifiche kasoro isiyoonekana ambayo itamletea mnunuzi hasara au hatari. Lakini Thomas anageuza pia upande wa pili. Anasema muuzaji akitoa dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi akajua, mnunuzi huyo amenunua isivyo haki na anadaiwa kurudisha. Anadaiwa! Thomas haliweki jambo hili kwenye fungu la ukarimu. Analiweka kwenye haki.

Lakini Thomas si mtu wa kukaza kamba bila kufikiri. Katika swali hilohilo kuna mfano wa mfanyabiashara anayepeleka ngano mahali penye uhaba, huku akijua kwamba wengine wako njiani na ngano yao. Je, lazima aseme? Thomas anajibu kwamba kwa haki halazimiki, ingawa akisema, au akipunguza bei, ni fadhila kubwa zaidi.

Mifano hiyo miwili imenipa mstari ninaouona kuwa sahihi. Kuhusu soko, mnunuzi anaweza kukaa kimya. Kuhusu kitu chenyewe ni nini, hawezi. Kama kaka anahisi kwamba mwakani bei za Charger zitapanda, hiyo ni hesabu yake na hatari yake. Lakini R/T au Charger ya kawaida si makisio ya soko. Ni jibu la swali "hiki ni kitu gani?" Mama anauza shaba, na yeye anapokea dhahabu. Wawili hawa hawajakubaliana kitu kimoja, basi ule uhuru wa kutaja bei tunaousifia haupo. Mtu hawezi kuridhia kuuza kitu ambacho hajui kwamba anacho.

Na jasho la kujifunza, je? Lilipwe, ndiyo. Hatari nayo ihesabiwe. Thomas mwenyewe anakiri kwamba bei ya haki haipimwi kwa usahihi wa nukta. Ni makadirio, ina nafasi ya kupanda na kushuka kidogo. Kwa hiyo kaka anaweza kusema: "Mama, namba zinaonyesha hili ni toleo la R/T na injini ni yake ya asili. Kuna kutu hapa na hapa, na injini huenda ikahitaji kufunguliwa yote. Kwa kazi hiyo, mimi naweza kutoa kiasi hiki. Ukitaka, waulize na wengine." Hapo anapatana kama mnunuzi yeyote, na hakuna anayemdai bei ya mnada. Anachodaiwa ni kwamba mama ajue anachouza.

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi ya hesabu. Mtu amelala kwenye vumbi saa nzima akitafuta ukweli wa gari. Angekuta puti imefichwa chini ya rangi, angekasirika na kusema ametaka kutapeliwa. Halafu anainuka na kuufunika ukweli aliouona, kwa tabasamu, mbele ya mama aliyemwita mwanangu. Hiyo nayo ni puti. Mithali 20:14 inamjua mnunuzi wa namna hii: anaponda bidhaa mbele ya mwenye nayo, kisha akishaondoka anajisifu. Na Mathayo 7:12 tunaijua wote kwa moyo. Tukidai muuzaji aseme kasoro, tukubali na sisi kusema ubora.

Mtauliza ilikuwaje. Alimwambia. Mama akampigia simu mpwa wake, wakaja watu wengine kuliangalia, na bei ikapanda juu ya uwezo wa mfuko wa fundi. Charger ile alilikosa, na aliponisimulia alisema wazi kwamba inamuuma. Sitampamba kwa kusema Mungu alimpa lingine zuri zaidi, kwa sababu hadi leo hajapata. Haki haina ahadi ya kukurudishia hela mwezi ujao. Ingekuwa hivyo, tungeifanya kama tunavyoweka akiba benki.

Wengi wetu hatutasimama mbele ya Charger ya 1969. Tutasimama mbele ya jirani anayeuza simu, redio ya marehemu babu, au kiwanja chenye kitu ambacho yeye hajakiona. Kwa wiki hii, chukua swali moja kwenye sala yako ya jioni: ni nani anayeniuzia kitu akiniamini, na ni nini ninachokijua kuhusu kitu hicho ambacho yeye hakijui?

Tuombeane. Mungu akubariki.