Yakini na Dhana Mbele ya Kompyuta Isiyowaka

Kompyuta ya nyumbani iliyoharibika haitaji kifaa kilichokufa. Hutoa dalili tu: kimya, feni inayozunguka huku skrini ikibaki nyeusi, au milio mifupi mfululizo. Mwenyewe hutaka jina la kifaa na bei yake. Kati ya dalili na jina hilo pana swali zito: ni ujuzi wa kiwango gani unaompa fundi haki ya kusema kwamba hiki ndicho chanzo?

Wanausuli, wataalamu wa misingi ya sheria ya Kiislamu, wana njia waiitayo sabr na taksimu. Huorodhesha kila kinachoweza kuwa sababu, kisha huondoa kimoja kimoja mpaka kibaki kisichoondoleka. Mfano wao mashuhuri ni mvinyo. Je, uliharamishwa kwa rangi, kwa umajimaji, au kwa kulevya? Rangi na umajimaji vimo katika vinywaji vya halali pia, hubaki kulevya. Al-Ghazali (1058–1111) aliijadili njia hii katika al-Mustasfa, na fundi wa kompyuta wa Ukunda, pwani ya Kwale nchini Kenya, huipita hatua kwa hatua: soketi, waya, pawa saplai, RAM, ubao mama.

Udhaifu wa njia hii uko kwenye orodha yenyewe. Sababu ya kweli ikisahauliwa, kitakachobaki mwishoni ni kifaa kisicho na hatia. Katika nyumba za Diani zilizo karibu na bahari, upepo wa kusi huja na unyevu wa chumvi, na chumvi hula miguu ya RAM na viungo vya waya. Orodha iliyoandikwa kwa ajili ya nchi kavu haina budi kuongezwa hapa.

Kuondoa nako kwahitaji uangalifu. Feni kuzunguka si ushahidi kwamba pawa saplai ni nzima. Waya wa volti 12 unatakiwa uwe kati ya 11.4 na 12.6, na hata kipimo hicho kikiwa sawa mashine ikiwa haina kazi, huenda kikaanguka inapoelemewa.

Kisha lipo jaribio la kubadilisha. RAM hutolewa, miguu yake ikasuguliwa kwa kifutio, ikarudishwa, na mashine ikawaka. Nini kilichokuwa kibovu? Matendo mawili yamefanyika pamoja, kusafisha na kukaza upya, na wala hakuna kati yake lililothibitisha kwamba RAM ilikuwa mbovu. Asemaye ilikuwa mbovu amevuka ushahidi wake. Angeipeleka kwenye mashine nyingine nzima, ubovu ukaifuata, hapo angekuwa na la kusema.

Katika Tahafut al-Falasifa, al-Ghazali alikwenda mbali zaidi: pamba na moto vikikutana tunaona kuungua, lakini hatuoni ulazima unaoviunganisha, kinachoonekana ni ada aliyoiweka Mungu. David Hume wa Uskoti alifikia hoja ya jirani katika karne ya 18, bila kuitegemeza kwenye imani. Hoja hiyo haimvunjii fundi kazi yake, kwa kuwa ada inatosha kutenda. Radi ikipiga Msambweni na pawa saplai ikaungua, kusema ni kadari ni sahihi kwa muumini, lakini hakumpunguzii mtu wajibu wa kupima.

Fikihi haidai yakini katika kila jambo. Asiyeiona Kaaba huswali kwa dhana yenye nguvu. Mtu wa Kwale huelekea karibu kaskazini kamili, maana Makka iko takriban kwenye longitudo moja naye. Basi fundi naye anaweza kutenda kwa dhana yenye nguvu. Ila kanuni nyingine humbana: yakini haiondolewi na shaka. Kifaa kilichojulikana kuwa kizima huhesabiwa kizima mpaka ushahidi uonyeshe vingine, na majaribio yasiyo na gharama hutangulia kununua.

Kwa hiyo fundi anayetangaza kwamba ubao mama umekufa, bila kupima wala kubadilisha, amemdhulumu mwenye mashine hata kama amebahatisha ukweli. Anayesema "nadhani ni huu, na sababu zangu ni hizi", kisha akamrudishia mteja kifaa cha zamani mkononi, ametimiza amana.