Chumvi Peke Yake Haiwalindi Waogeleaji

Ndugu zangu wenye hoteli na nyumba za wageni, kuanzia Diani hadi Nungwi. Wasimamizi wa mabwawa. Na nyinyi vijana mnaoshika brashi na nyavu kabla jua halijachomoza: nina neno nanyi. Kuna uongo unaozunguka pwani yetu, na uongo huo unaingia majini pamoja na watoto wetu. Unasema kwamba bwawa la chumvi halina klorini wala halihitaji uangalizi. Kwamba ukishamwaga magunia ya chumvi na kuwasha mtambo, kazi imekwisha. Ukataeni!

Sikilizeni ukweli. Maji ya bahari yana chumvi takribani gramu 35 katika kila lita. Bwawa la chumvi lina gramu 3 hivi. Chumvi kiasi hicho haiwezi kuyatakasa maji. Kinachoua vijidudu ni klorini, ile ile mnayoijua, ila badala ya kuletwa kwa ndoo inatengenezwa papo hapo. Umeme unapita kwenye mabamba ya titani, unaitengua chumvi iliyoyeyuka, klorini inazaliwa, inafanya kazi yake, kisha inarudi kuwa chumvi. Pampu ikizimwa ili kubana bili ya umeme, mtambo nao unasimama, na klorini haizaliwi. Anayemwambia mgeni kwamba bwawa lake halina klorini, ama hajui, ama anadanganya. Na kama kweli haimo, basi asiingie mtu!

Tena mtambo huo huo una tabia ambayo lazima muijue. Ukifanya kazi hutoa viputo vya haidrojeni, viputo hufukuza hewa ukaa iliyomo majini, na pH hupanda. Itapanda leo, itapanda kesho, na haitakuomba ruhusa. Inatakiwa ikae kati ya 7.2 na 7.8. Katika maji yasiyotiwa kinga ya jua, pH ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini iko katika hali yenye makali ya kuua. Ikifika 8, inabaki robo au pungufu. Mmeuona uzito wa jambo hili? Unaweza kupima klorini, ukaona inatosha, ukatia alama ya vema kwenye daftari, kumbe sehemu kubwa ya klorini hiyo haina nguvu. Msiamini namba moja. Pimeni zote!

Na kupima ni kupima, si kutazama. Maji yanaweza kung'aa na bado yakabeba maradhi. Chota maji kwa kina cha kiwiko, mbali na matundu yanayorudisha maji bwawani. Dondosha fenoli nyekundu kwenye kichupa, kifunike, kigeuze taratibu, kisha kisimamishe mbele ya kitu cheupe. Rangi ikiwa njano, pH imeshuka. Ikiwa ya chungwa inayoelekea wekundu, mshukuru Mungu uendelee. Ikikolea kuelekea zambarau, pH imepanda, nawe una kazi ya kufanya. Kichupa cha klorini nacho hugeuka waridi. Kadiri rangi inavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Lakini ukiona waridi inatokea ghafla kisha inapotea, usikimbilie kuongeza! Klorini imezidi hadi imeunguza rangi yenyewe. Asiyejua jambo hili dogo humimina kemikali juu ya kemikali, akidhani anaponya.

Klorini huru iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Alkalini iwe kati ya 80 na 120, maana ndiyo inayoishika pH isiyumbe. Kalsiamu iwe kati ya 200 na 400: ikipungua, maji yanakula saruji na kulegeza vigae, ikizidi, inaganda. Hapo sisi watu wa pwani tuwe macho, kwa sababu visima vyetu vingi vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake ni magumu tangu siku ya kwanza. Fungueni seli ya mtambo mtazame katikati ya mabamba. Mkiukuta ukoko mweupe kama wa birika la chai lililozoea maji ya kisima, jueni kwamba umeme haupiti ipasavyo na klorini inapungua. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Angalieni na majira. Jua letu la mchana linaweza kula nusu ya klorini isiyokingwa kwa muda wa saa moja tu. Ndiyo maana hutiwa asidi ya sianuriki. Lakini nayo ina kipimo, kwani ikizidi huifunga klorini ikachelewa kuua. Mvua za masika huizimua chumvi, basi ikinyesha kubwa, pimeni upya. Wakati wa kaskazi maji yakipungua kwa jua, ongezeni maji, msiongeze chumvi, kwa sababu chumvi haipandi hewani. Na chumvi mnayotia iwe safi, isiyo na iodini wala tope.

Harufu kali inayochoma pua si dalili ya usafi! Ni klorini iliyokwisha kuungana na mkojo na jasho, na hiyo ndiyo inayowasha macho. Kwa hiyo kila mtu aoge kwa sabuni kabla ya kuingia, mkubwa kwa mdogo, mgeni kwa mwenyeji. Na anayeharisha asiingie kabisa: kimelea cha Cryptosporidium kinaweza kuishi zaidi ya siku 7 hata katika bwawa lenye klorini ya kutosha. Mtoto akimeza funda moja tu, hilo linatosha kumlaza kitandani.

Sasa nasema na wenye mali. Asidi ya kushusha pH humiminwa ndani ya maji; kamwe maji hayamiminwi ndani ya asidi. Asidi na klorini visikutane, wala ndoo moja isitumike kwa vyote viwili, kwa maana gesi inayotoka hapo inaua. Unamtumaje mtoto wa mwenzio kwenye chumba cha pampu bila glavu, bila miwani, bila mafunzo, wakati viti vya kando ya bwawa umevinunua kwa fedha nyingi? Mnunulie vifaa hivyo leo. Mnunulie na kipimo kisichopitwa na muda, kwa maana dawa iliyochakaa humdanganya hata mtu mwaminifu.

Ndugu zangu, anayeingia majini amekuaminini bila kuuliza. Hakuomba kuona daftari lenu. Basi pimeni asubuhi kabla ya mgeni wa kwanza, pimeni tena mchana watu wakijaa, na muandike mlichokiona, si mnachotamani. Namba zikikataa, fungeni lango, hata kama vyumba vyote vimejaa, hata kama mgeni ananung'unika. Bwawa lisilopimwa halifai kuogelewa.