Mkono wa Mjomba Una Alama Ngapi?

Mjomba wangu hukata miwa kule Matungu, na mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Cha shahada na cha kati vilienda na panga asubuhi moja ya umande. Alikuwa kibarua wa mkandarasi, hakuna karatasi aliyotia sahihi. Akafungwa bandeji, mambo yakaishia hapo.

Nilimkumbuka nikiwa Nairobi, nikitazama kwenye simu mkono wa roboti ukifanya mtihani. Kuna sanduku lenye ukuta katikati na vipande 150 vya mbao, kila upande sentimita 2.5. Unavivusha kimoja kimoja kwa dakika moja, kisha unahesabiwa. Mtihani huo hutumika kwa wagonjwa, wenye kiharusi kwa mfano. Wahandisi waliuazima tu. Waliazima pia ule wa Kapandji, daktari mpasuaji wa Ufaransa, wa 1986: kidole gumba kinagusa vidole vingine hatua kwa hatua, ncha ya shahada ni 3, ncha ya kati ni 4, hadi mkunjo wa kiganja chini ya kidole cha mwisho, 10.

Nilipofika nyumbani nikamwomba Mjomba ajaribu.

"Sasa unanipima nguo ama?" akacheka, lakini akafanya. Gumba lake lilifika 10 bila shida. Ila 3 na 4 hana, ncha zenyewe hazipo. Nimwandikie ngapi?

Sina ugomvi na vipimo. Bila hivyo kila kampuni ingejisifu kwa video tu. Ndiyo maana mwaka 2015 watafiti wa Yale, Carnegie Mellon na Berkeley walitoa mkusanyo wa vitu ili mikono ya roboti ijaribiwe kwa vitu vilevile: kikombe, nyundo, drili, matunda ya plastiki. (Hamna panga. Hamna muwa.) Kinachonikera ni swali linalotangulia kipimo. Roboti inaulizwa: unaweza nini? Mtu anaulizwa: umepoteza nini? Sheria yetu ya fidia ya majeraha kazini, ya 2007, ina jedwali linaloipa kila sehemu ya mwili inayopotea asilimia yake. Na hata hiyo asilimia Mjomba hakuiona.

Roboti ikiangusha kipande cha mbao, watu wazima wanainama juu yake, wanabadilisha mpira wa kidole, kesho inajaribu tena. Utaniambia roboti ni mali ya mtu, lazima itunzwe. Sawa, lakini fikiria umesema nini hapo: kwamba mkono hutunzwa ukiwa na mwenyewe anayeweza kuuza. Mkono wa Mjomba nao ulikuwa ukimwingizia mtu pesa, tani kwa tani. Tofauti ni kwamba ulipoharibika, hasara ilibaki kwake peke yake.

Kesho yake nikaenda naye shambani. Anaushika muwa kwa gumba na vile viwili, anauinamisha kidogo, panga linapita karibu na udongo kabisa, maana sukari nyingi iko chini. Nikachukua mstari wangu, vidole kumi kamili, nikajitahidi. Nilipogeuka nikaona visiki vyangu vimesimama urefu wa kiganja, na Mjomba anarudi nyuma yangu, kimya, akivikata upya kimoja kimoja.