Mwanangu, Taja na Dawa Unazokunywa

Nimewafunda wari wengi, na siku hizi neno ninaloletewa kwa aibu kubwa ni hili: "Somo, mume wangu nampenda, ila mwili hausikii kitu." Mmoja anadhani karogwa, mwingine kaamini mapenzi yamekwisha. Mimi huuliza kwanza: unatumia dawa gani?

Dawa nyingi za sonona, kama fluoksetini na setralini, huongeza nguvu ya serotonini kwenye ubongo. Hiyo ndiyo inayotuliza moyo, na hiyohiyo huweza kupunguza hamu, kuzitia ganzi sehemu za siri, na kuchelewesha kufika kileleni au kukuzuia kabisa. Sonona yenyewe pia huua hamu, kwa hiyo kumbuka hali ilikuwaje kabla ya kidonge cha kwanza. Daktari atataka kujua. Lakini mwanangu, nakusihi, usiache dawa ghafla. Unaweza kupata kizunguzungu, usingizi ukapaa, na huzuni ikarudi. Daktari anaweza kupunguza dozi au kukubadilishia dawa. Inaniuma kuona mwanamke aliyekwisha kuinuka kitandani akizitupa dawa kwa siri ili amridhishe mume.

Baadhi ya dawa za presha nazo hupunguza hamu. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huwapunguzia wengine, na wengine hawaoni badiliko lolote. Piriton inayokausha mafua huweza kukausha na ukeni. Anayenyonyesha huweza kukauka hata bila dawa. Tumieni kilainishi cha maji. Kama mnatumia kondomu, epukeni mafuta ya nazi, maana huidhoofisha.

Halafu kuna jambo linalovunja nyumba bure. Umemaliza dozi ya amoksisilini, siku chache baadaye unawashwa na kutokwa uchafu mweupe mzito kama mtindi. Huenda antibiotiki hiyo imeua bakteria walinzi wa uke, fangasi wakapata nafasi. Usikimbilie kusema mume katoka nje. Nenda ukapimwe, na usijioshe ndani kwa ndimu wala shabu, utajichubua.

Kliniki beba pakiti zako zote, hata za duka la dawa. Ukiona haya, omba nesi wa kike, umwambie: "Tangu nianze dawa hii, sisikii raha kwenye tendo la ndoa." Na mumeo mwambie vilevile, asije akadhani umemchoka.