Imani: Yarithiwa au Yashikwa?

Liko swali la zamani ambalo mara nyingi tunalijibu kabla ya kulifikiri. Je, mtu huwa wa dini fulani kwa sababu amezaliwa na wenye dini hiyo, au kwa sababu yeye mwenyewe ameishika? Natumaini tutalielewa vizuri zaidi tukitazama habari za majirani zetu wa Uganda, watu wachache waitwao Abayudaya, yaani Wayahudi, wakaao karibu na mji wa Mbale, chini ya Mlima Elgon.

Mwanzilishi wao alikuwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda na Mprotestanti. Aliwasaidia Waingereza kuitwaa nchi ya mashariki ya Uganda, akitumaini kuwa watamfanya mfalme wa huko. Hawakumfanya. Akajitenga nao, akajiunga na Wamalaki, dhehebu lililoshika Sabato ya Jumamosi na kukataa dawa za hospitali. Huko aliendelea kuisoma Biblia ya Kiganda, ambayo tafsiri yake nzima ilitoka mwaka 1896. Akaona kwamba Torati inaagiza tohara, na mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Wamalaki walipomwambia kwamba hayo ni mambo ya Kiyahudi, alilikubali jina hilo. Mwaka uliofuata alifika Myahudi mmoja aliyeitwa Yusufu, akakaa nao yapata miezi sita, akawafundisha sikukuu, kalenda na namna ya kuchinja. Kakungulu alifariki mwaka 1928, lakini dini aliyoiacha haikufa pamoja naye.

Angalieni basi: watu hawa hawadai kwamba ni uzao wa Ibrahimu kwa damu. Walisoma, wakaamini, wakatenda.

Wapo wasemao kwamba hiyo haikuwa imani bali hasira ya mtu aliyenyimwa ufalme. Huenda hasira ilikuwamo. Lakini tuwe waangalifu. Wazee wetu wa kwanza waliitwa “wasomaji”, na si wote waliokwenda misheni kumtafuta Mungu. Mmoja alitafuta kalamu, mwingine nguo, mwingine mahali pa kukimbilia. Hatusemi kwa hiyo kwamba Ukristo wao ulikuwa wa uongo. Mlango ambao mtu ameingilia hautoshi kutuambia kama atakaa ndani.

Yao ilipimwa kwa kukaa. Idi Amin alipotawala, 1971 hadi 1979, dini ya Kiyahudi ilipigwa marufuku. Masinagogi yalifungwa, na watu wakasali kwa siri. Gershom Sizomu, ambaye leo ni rabi wao, amesimulia kwamba baba yake alikamatwa kwa sababu ya kujenga kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, akaachiliwa baada ya kutolewa mbuzi watano. Kabla ya hapo walikuwa yapata 3,000. Walipohesabiana baada ya Amin, walibaki yapata 300. Wengine walikuwa wameingia Ukristo au Uislamu. Sisi Waanglikana tunaijua miaka hiyo, maana ndiyo miaka aliyouawa Askofu Mkuu Janani Luwum, Februari 1977. Amin aliondolewa Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo hiyo Pasaka ya Wayahudi ilikuwa inaanza.

Hapa wengi watasema jibu limepatikana: wa kweli ni wale 300. Mimi sipendi kwenda mbio hivyo. Wale wengine walikuwa na watoto wa kulisha na askari mlangoni. Anayesoma habari hizi akiwa ameketi salama hana haki ya kuwahukumu. Tunaloweza kusema ni hili tu, kwamba kama wale 300 wasingeshika, wengine wasingekuwa na mahali pa kurudi.

Likabaki jambo la pili, nalo ni gumu. Je, yatosha mtu kujiita mwenyewe? Kwa miaka mingi nimeshika rejista ya darasa. Jina lililoandikwa halimfanyi mtoto kuwa mwanafunzi, ikiwa haji. Lakini pia yule ajaye kila siku bila kuandikwa hupata shida siku ya mtihani. Ndivyo ilivyowapata Abayudaya. Wayahudi wa nchi nyingine waliwauliza: ni nani aliyewapokea? Mwaka 2002 marabi walikuja kutoka ng'ambo, wakawahoji, na watu yapata 400 wakazamishwa majini kwa desturi ya kuongoka. Wengi wao walikuwa wamezaliwa na kulelewa katika Sabato. Wangeweza kukataa kwa kiburi, lakini walikubali, kwa kuwa hawakutaka kuwa Wayahudi wa peke yao. Sizomu akaenda kusoma Marekani, akawekwa kuwa rabi mwaka 2008. Hata hivyo, mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel ilikataa kumtambua mmoja wao.

Basi naona jibu lina pande mbili. Anayeshika imani atafute ushirika, asijifanye kanisa la mtu mmoja. Nao wenye ushirika wasimdai mgeni nasaba, pale ambapo Maandiko yenyewe yalimpokea Ruthu Mmoabi, hata akawa bibi mzaa babu wa Daudi.

Nasi tusiyatazame haya kama mambo ya watu wengine. Mara ngapi twawasikia watu wakiwacheka Abayudaya, wakisema, “Mwafrika na Uyahudi wapi na wapi?” Ndugu zangu, swali hilo likigeuzwa, litatuuliza sisi: Mwafrika na Uanglikana wapi na wapi? Vitabu vyetu vya ubatizo navyo havirudi nyuma sana. Kakungulu alisoma Maandiko yale yale ambayo kwayo jirani zake wakawa Wakristo. Tofauti tunayo, wala siifichi, maana sisi twamkiri Kristo. Lakini ni nani kati yetu aliyeipata imani kwa damu?

Leo Abayudaya wanakisiwa kupita 2,000. Tangu mwaka 2004 wengine wao wanauza kahawa katika ushirika mmoja na jirani zao Wakristo na Waislamu. Sabato huacha jembe, wenzao wakiendelea kulima. Jumapili jirani zao huja kanisani. Watoto wetu, tuliowabatiza tukidhani basi imekwisha, wanahitaji kuona nyumbani mwetu tunachoacha na tunachoshika.