Mahali Patakatifu na Miiko Yake: Mwendo wa Siku Moja Kitui

Swali la kama mahali panaweza kuwa patakatifu kwa asili yake, au kama utakatifu wake hutoka kwa watu wanaopaheshimu, ni la kale katika falsafa ya dini, na kwa kawaida hujadiliwa kwa mifano mikubwa ya Makka, Yerusalemu, Roma au mto Ganges. Mifano hiyo ina kasoro moja isiyotajwa mara nyingi, nayo ni kwamba ukubwa wake humzidi mchunguzi nguvu: umati wa mahujaji, majengo ya karne nyingi na mali iliyomwagwa humo humfanya ashindwe kutenga kinachotoka kwa mahali penyewe na kinachotoka kwa wingi wa watu. Mji mdogo wa mkoani, usiokuwa na umati wa mahujaji, hufaa zaidi kwa uchunguzi wa namna hii. Kitui, makao makuu ya kaunti iliyohesabiwa kuwa na watu 1,136,187 katika sensa ya mwaka 2019, ni mji ambao mtu mwenye miguu mizima anaweza kuuzunguka pamoja na viunga vyake kati ya asubuhi na jioni, akapita penye kanisa kuu la Kikatoliki, msikiti, makanisa ya Africa Inland Church, jiwe la Nzambani na miti ambayo chini yake wazee wa Kikamba walitoa sadaka, bila kuhitaji chombo chochote cha usafiri.

Jambo la kwanza analolitambua mtembeaji wa aina hiyo ni kwamba katikati ya mji hapana kitu kitakatifu. Miji midogo ya Italia, kwa mfano, mara nyingi ilijengwa kuzunguka uwanja wenye kanisa, hata ikawa vigumu kwa mtu kwenda sokoni bila kupita mbele ya mlango wa ibada. Kitui, uliokua kutokana na kituo cha utawala wa Waingereza, umeweka katikati yake ofisi, maduka, stendi ya matatu na soko, ambako ndengu hupimwa kwa gorogoro, maembe hupangwa kwa mafungu ardhini juu ya magunia, na asali huuzwa katika chupa zilizowahi kutiwa vinywaji vingine. Mahali pa ibada pametawanyika, kila dini na pembe yake, na mtu hapati kupaona kama jambo moja mpaka akubali kutoka soko hilo na kutembea.

Kanisa Kuu la Mama Yetu wa Afrika ni makao ya askofu wa jimbo lililoanza kama prefektura ya kitume mwaka 1956, yaani eneo la umisionari ambalo halijafikia hadhi ya jimbo kamili, na ambalo lilijengwa kwa kiasi kikubwa na wamisionari wa Shirika la Mtakatifu Patriki kutoka Ireland. Kanisa la Kikatoliki linapotabarukiwa, askofu hupaka altare na kuta mafuta ya krisma, na kuanzia hapo jengo huhesabiwa kuwa limetengwa kwa ajili ya Mungu. Pamoja na hayo, sheria za Kanisa hilo hilo, katika kanuni ya 1212 ya mkusanyiko wa mwaka 1983, husema kwamba mahali patakatifu hupoteza hadhi hiyo pakibomoka kwa sehemu kubwa au pakigeuzwa moja kwa moja kuwa pa matumizi ya kawaida. Kanuni hii ni fupi na huonekana kuwa ya kiofisi tu, lakini inabeba madai mazito ya kifalsafa, kwa maana inakiri kwamba mafuta ya askofu hayakubadili jiwe kwa namna isiyoweza kutenguliwa, na kwamba matumizi ya watu yanaweza kufuta kile ambacho ibada ilikiweka.

Msikiti hufuata mantiki nyingine. Uislamu uliingia Ukambani kupitia njia za biashara zilizounganisha bara na pwani, njia ambazo Wakamba wenyewe walizitawala kwa muda mrefu katika karne ya 19 wakisafirisha pembe za ndovu hadi Mombasa. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafi, na katika fikihi ya madhehebu hayo ardhi iliyowekwa wakfu kuwa msikiti, yaani iliyotolewa kwa ajili ya Mungu bila kurudishwa, hubaki kuwa msikiti hata jengo likianguka na waumini wakahama. Haiuzwi, na mtu mwenye janaba hatakiwi kukaa humo hata kama kilichosalia ni nyasi. Hapa utakatifu unaonekana kushikamana na ardhi yenyewe. Hata hivyo, ukiuliza nini hasa kinachobaki baada ya kuta kuanguka, jibu la mafakihi ni orodha ya mambo ambayo mtu hapaswi kuyafanya pale. Kilichodumu ni katazo, nalo humsubiri mtu wa kwanza atakayepita.

Dini hizi mbili zina jambo jingine linalozikutanisha. Katika Injili ya Yohana, Yesu anamwambia mwanamke Msamaria kwamba inakuja saa ambayo ibada haitafungwa na mlima ule wala na Yerusalemu. Katika hadithi mashuhuri, Mtume Muhammad anasema kwamba amefanyiwa ardhi yote kuwa msikiti. Kwa hiyo dini zinazofundisha kwamba Mungu haabudiwi mahali pamoja tu ndizo zilizojenga kuta Kitui, wakati dini ya Wakamba, iliyoshikilia kwamba sadaka fulani hutolewa mahali fulani na si kwingine, haikujenga ukuta wowote. Mahali pa sadaka pa Wakamba huitwa ithembo, na kwa wingi mathembo. Kwa kawaida pana mti mkubwa, mara nyingi muumo, ambao ni wa jamii ya mkuyu, pamoja na vichaka vilivyoachwa vikakua vinavyotaka. Kila ithembo palikuwa mali ya utui, yaani ujirani wa kaya kadhaa zenye wazee wao, na sadaka za maziwa, nafaka, pombe au mbuzi zilitolewa hapo kwa Mulungu na kwa aimu, yaani roho za waliotangulia, hasa mvua ilipochelewa. Nchi hii hutegemea zaidi mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za masika, na vuli zikikosa, njaa haiko mbali; basi si ajabu kwamba hoja za teolojia zilikuwa pia hoja za hali ya hewa.

Mgeni anaweza kupita penye ithembo asitambue lolote. Hapana bango, uzio wala mlango. Kinachopatofautisha ni kile kisichofanyika: mti haukatwi, kuni haziokotwi, na mnyama au mtu aliyekimbilia pale hauawi. Matawi makavu yaliyoanguka chini, katika nchi ambako wanawake hutembea mbali kutafuta kuni, ndiyo maandishi ya pekee ya mahali hapo, na anayejua kuyasoma huelewa mara moja kwamba watu wamejizuia hapa kwa muda mrefu.

Wanafalsafa wa mjini hawakuona jambo hili kwa urahisi. Katika Phaedrus, mazungumzo ya Plato, Socrates anatoka nje ya kuta za Athens kwa miguu, anakaa chini ya mti kando ya mto Ilissos penye madhabahu ya roho za maji, na kusema kwamba yeye hujifunza kwa watu wa mjini, kwa kuwa miti na mashamba havimfundishi kitu. Kauli hiyo imenukuliwa mno, lakini kinachofuata hunukuliwa kidogo: muda si mrefu anakiri kwamba mahali pale panaonekana kuwa na uungu, na kabla ya kuondoka anamwomba Pan na miungu mingine ya pale. Mzee wa utui huenda angemjibu kwamba mti haufundishi kwa kusema, ila humfundisha mtu kwa kumkataza.

Nzambani, lililo umbali wa kilomita zipatazo 8 kutoka mjini, ni mfano wa kinyume chake. Jiwe hilo kubwa, ambalo Wakamba huliita Ivia ya Nzambani, lina simulizi mbili zinazojulikana na wengi: kwamba lilianza kama kijiwe kilichong'ang'ania mgongoni mwa msichana na kukua naye, na kwamba mtu akilizunguka mara saba hubadilika jinsia, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Idadi ya saba itamkumbusha Mwislamu tawafu ya Kaaba, na Mkristo siku ya saba ya Yeriko, ingawa kufanana huko hakutoshi kuwa ushahidi kwamba mmoja aliazima kwa mwingine. La muhimu ni kwamba simulizi ya pili ni katazo lililovishwa hadithi, kwani humwonya mtu asilichezee jiwe kwa kulizungukazunguka. Leo imejengwa ngazi ya chuma kwenye ubavu wa jiwe, na wageni hupanda juu kutazama mandhari. Ngazi hiyo imefanya jambo ambalo huenda wajenzi wake hawakulikusudia: simulizi ilihusu kuzunguka, nayo ngazi hupeleka watu juu, hivyo mgeni hana tena nafasi ya kuogopa wala ya kujizuia. Husikia hadithi, akacheka, akapanda. Jiwe ni lile lile na ukubwa wake ni ule ule, lakini ni vigumu kusema kwamba mgeni huyo amefika mahali patakatifu.

Émile Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa, aliandika mwaka 1912 kwamba kitu kitakatifu ni kile kilichotengwa na kuzungushiwa makatazo, na hadi hapo Kitui inamuunga mkono. Lakini Durkheim aliendelea mbele akahitimisha kwamba anayeabudiwa kwa hakika ni jamii yenyewe, na hatua hiyo haifuati lazima. Chukua mfano wa deni: halionekani kwenye mwili wa mdaiwa, wala halishikiki kwa mkono. Hujulikana kwa namna mdaiwa anavyojizuia kutumia fedha zake, na likisahauliwa na pande zote ni kama halipo. Hata hivyo hakuna mtu mwenye akili anayesema kwamba mdaiwa amejikopesha mwenyewe. Vivyo hivyo, kwamba utakatifu wa mahali hudumu kwa miiko ya watu hakuthibitishi kwamba watu ndio walioutunga. Kunathibitisha tu kwamba hauna njia nyingine ya kudumu miongoni mwao. Muumini anaweza kukubali hoja hii bila kupoteza imani yake, na asiyeamini anaweza kuikubali bila kuongezewa imani, jambo ambalo katika mjadala wa dini si dogo.

Mulango, kijiji kilicho karibu na mji, hutoa msamiati wa kulieleza jambo hili vizuri zaidi. Misheni ya Kilutheri ya Leipzig ilifanya kazi Ukambani tangu miaka ya 1890, na kutokana na Vita vya Kwanza vya Dunia kituo chake cha Mulango kikaingia mikononi mwa Africa Inland Mission. Hapo alizaliwa mwaka 1931 John Mbiti, padre wa Kianglikana aliyefundisha Makerere, akalitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba, na kufariki mwaka 2019 katika mji mwingine mdogo, Burgdorf wa Uswisi. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, Mbiti alitumia maneno ya Kiswahili Sasa na Zamani kama istilahi za falsafa: Sasa ni muda ambao watu wanauishi na kuukumbuka, pamoja na wafu ambao majina yao bado yanatajwa, na Zamani ni bahari ya wakati ambamo kila kitu huzama pale wa mwisho anayekikumbuka anapokufa. Dai lake kwamba Wakamba hawakuwa na wakati ujao wa mbali, akitegemea vitenzi vya Kikamba ambavyo kwa maelezo yake havivuki miaka miwili hivi, limepingwa vikali, na mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana alionyesha kwamba haliwezi kutandazwa juu ya Waafrika wote. Katika hilo Gyekye ana haki. Lakini mgawanyo wa Sasa na Zamani unaweza kusimama bila dai hilo, na hufaa kwa mahali kama unavyofaa kwa wafu: ithembo pako katika Sasa maadamu yupo mtu anayejizuia kuokota kuni pale na anayeweza kumweleza mjukuu wake sababu, na huzama katika Zamani siku ambayo mti unabaki lakini katazo halina wa kulitaja.

Jambo hili halihusu Kitui peke yake. Huko Makueni, kwenye kilima cha Nzaui, masimulizi ya Wakamba husema kwamba Mulungu aliwatoa watu wa kwanza katika mwamba, na kwamba nyayo zao zingali zinaonekana juu ya jiwe. Pwani, misitu ya Kaya ya Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na kilichoitofautisha misitu hiyo na mingine iliyofyekwa ni miiko ya wazee iliyotangulia sheria yoyote ya serikali. Ramani, uzio na ngazi ni rahisi kupatikana kuliko miiko, na ndiyo maana huwekwa kwanza. Serikali za kaunti za Kitui na Makueni zikitaka kuhifadhi Nzaui, Nzambani na mathembo yaliyosalia, zianze kwa kuwauliza wazee wa kila utui ni mambo gani hayafanywi pale, ziyaandike, na ziyabandike mlangoni kabla ya kupanga ada ya kiingilio.